Kipini cha Bibi Nunu Kilichogeuka Maji

Hapo zamani, ambayo si zamani sana kwa kuwa nguzo za umeme zilikwisha kusimama, ila umeme wenyewe ulikuja siku ulipojisikia, paliishi katika mji mmoja wenye stesheni ya reli bibi mmoja aliyeitwa Bibi Nunu. Bibi Nunu alikuwa na nyumba ya vyumba saba, meno matano, na kipini kimoja cha dhahabu puani.

Kipini hicho alivishwa siku ya harusi yake, Alhamisi. Wako jamaa wa upande wa pili wanaosema ilikuwa Ijumaa, hao hawakualikwa. Na desturi ya nyumba ile ilikuwa hii: mwenye kipini ndiye anayewapa majina watoto wote wanaozaliwa humo. Mtoto angeweza kuota meno akiitwa "wewe", lakini hakuna ambaye angemwita jina kabla mwenye kipini hajalitamka.

Sasa, tundu la pua ya Bibi Nunu lilikuwa limepanuka kwa uzee. Kipini kilianza kudondoka. Kilidondoka kwenye mchele. Kilidondoka kwenye maharage. Mara moja kilidondoka kwenye kikombe cha kahawa cha mshenga aliyekuja kuposa, mshenga akakimeza, na posa ikangoja siku mbili.

Bibi Nunu akaita watu wake.

"Nimekivaa miaka hamsini na sita," akasema, "na kila kikianguka gizani nakitafuta kwa magoti. Magoti yamekwisha. Atakayekifanya kipini hiki kiwake gizani, nikakiona kilipo, huyo ndiye mrithi wangu. Na yeye ndiye atakayempa jina mgeni wa Riziki, maana mimi majina yameniishia."

Mgeni wa Riziki, mke wa mjukuu wa Bibi Nunu, alikuwa mtoto wa kiume wa siku kumi na sita, na bado hakuwa na jina.

Watu wengine wangeelewa kwamba bibi mzee hataki tu kutaja mrithi. Watu wa nyumba ile hawakuelewa hivyo. Walikwenda kutafuta namna.

Aliyetangulia alikuwa mjukuu wake, Zaituni, mtunza maabara wa shule ya sekondari. Zaituni alikuwa mwanamke wa kupima. Chumvi ya mchuzi aliipima, njia ya kwenda sokoni aliipima kwa hatua, na akiulizwa hali yake alifikiri kwanza ndipo ajibu. Alikuwa na karatasi mbili ambazo mwalimu mmoja mgeni aliziacha shuleni. Karatasi ya kwanza ilisema kwamba dhahabu ikiyeyushwa, ikachanganywa na ute wa yai, ikawekwa katika joto la mwili kwa saa kumi na mbili, hujikusanya katika vishada vidogo mno, atomi ishirini na tano hivi kwa kila kishada, na vishada hivyo huwaka vyekundu. Karatasi ya pili ilikuwa imepotea. Zaituni hakuisikitikia. Kwa kawaida karatasi za mwisho huwa na majina ya waandishi na shukrani kwa watu wao.

Jumanne alikiomba kipini, akapewa. Jumatano alirudi na kichupa cha maji ya manjano.

"Kipini kiko wapi?" akauliza Bibi Nunu.

"Humu, Bibi."

"Humu wapi?"

"Humu ndani ya maji. Nimekitia katika asidi mbili zilizochanganywa. Kila moja peke yake haiwezi dhahabu. Zikiwa pamoja, zinaila. Hakikuzama wala hakikuvunjika, Bibi. Kilikonda tu mpaka sikukiona. Kilikuwa na uzito wa gramu nukta nne saba, na zote zimo."

Shangazi yake Zaituni, Bi. Msimu, binti mkubwa wa Bibi Nunu, mwanamke aliyezungumza kana kwamba watu wote wako ng'ambo ya reli, akashika kichwa.

"Mama! Kipini chako kimekuwa mkojo wa punda!"

"Shangazi, ni dhahabu ile ile."

"Ile ile? Haya, vaa. Vaa tuone! Jitie puani!"

Bibi Nunu alichukua kikonyo cha karafuu akakitia katika tundu la pua lisizibe, akapiga chafya tatu, ndipo akasema: "Jumamosi. Kama mpaka Jumamosi jioni sijaona mwanga, Zaituni mjukuu wangu, usitie tena mkono wako katika sinia la nyumba hii."

Zaituni alizaliwa katika nyumba ile, katika chumba cha tatu. Jina lake mwenyewe lilitoka kwenye mdomo ule. Akaenda bandani, akachukua mayai mawili.

Alitenga ute, viini akamkaangia binamu yake Sudi aliyekuwa akipita. Akachanganya ute na maji yake ya manjano, akagawa katika vichupa viwili, matone machache yakabaki kwenye kopo. Lililobaki lilikuwa joto: nyuzi thelathini na saba, saa kumi na mbili bila kukatika. Shule ilikuwa na kabati la kutunza joto, lakini kabati lilitaka umeme, na katika mji ule umeme wa saa kumi na mbili mfululizo ulikuwa habari ya kusimuliwa. Kwa hiyo Ijumaa Zaituni alichukua kipimajoto akaipima nyumba nzima. Bibi Nunu alikuwa na thelathini na tano na nusu. Bi. Msimu alikuwa na thelathini na nane, na hakuwa mgonjwa. Sudi hakutulia apimike. Riziki, mke wa kaka yake Zaituni, aliyekuwa ndani kwa arobaini yake, amefunikwa mablanketi mawili na jiko la mkaa pembeni, alikuwa na thelathini na saba kamili. Zaituni alimpima mara nne. Thelathini na saba mara nne.

"Wifi," akasema, "nakuomba kwapa."

"Kwapa lipi?"

"Yote mawili."

Riziki alimtazama. "Na mtoto nimshike na nini?"

"Mtoto atakaa katikati."

"Nikijikuna?"

"Usijikune, wifi."

"Nikitaka kwenda msalani?"

"Utakwenda umebana. Wifi, nakuomba. Wataniondoa kwenye sinia."

Riziki akavuta pumzi. "Lete. Tangu niolewe hapa kila mtu amenipa kitu cha kubeba. Hiki angalau ni dhahabu."

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, Zaituni aliviweka vichupa juu ya meza ya Riziki, akatoka uani kunawa mikono. Hapo ndipo Bi. Msimu alipoingia. Alikuwa ameamka mapema kupika makande, na mkononi alikuwa na bilauri ya maji ya magadi. Riziki alikuwa amelala ameelekea ukutani, akimnyonyesha mtoto.

Bi. Msimu alivitazama vichupa. Mapishi yake yote yalisimama juu ya jambo moja: kitu kikikataa, kitie magadi. Maharage yakikataa kuiva, magadi. Kunde zikikataa, magadi. Akafikiri: maji haya yamekimeza kipini cha mama yangu na yanakataa kukitoa. Akafungua kichupa kimoja, akamimina magadi makali, akafunga. Aliposikia kandambili za Zaituni uani, akayamwaga yaliyobaki ndani ya kopo la Zaituni lililokuwa dirishani, akatoka. Alitarajia kwamba ifikapo jioni kipini kitakuwa kimetua chini ya kichupa, kizima kama kilivyokuwa.

Zaituni alirudi. Aliona kichupa kimoja kimejaa zaidi ya mwenzake, kiasi cha upana wa punje ya mtama. Akasugua macho. Akaandika katika daftari lake: "Kimoja kimezidi. Sababu haijulikani." Akakiweka hicho kwenye kwapa la kulia la wifi yake, kingine la kushoto, na mtoto katikati.

Na Riziki akakaa. Alilishwa uji kwa kijiko. Alikwenda msalani amebana, akarudi amebana. Inzi alitua kwenye pua yake adhuhuri, akakaa hapo kwa raha zake. Mtoto alipiga chafya ya kwanza ya maisha yake, na mama yake hakuweza kumpangusa. Saa kumi na moja jioni Zaituni alisema, "Tayari, wifi," na Riziki akataka kunyanyua mikono, lakini mikono haikunyanyuka. Ilikuwa imekufa ganzi. Zaituni alivitoa vichupa mwenyewe.

Kichupa cha kulia kilikuwa rangi ya chai ya rangi. Cha kushoto kilikuwa rangi ya chai ya rangi iliyolala.

Wakaingia wote stoo ya mahindi, isiyo na dirisha, wakafunga mlango. Giza. Zaituni aliinua kichupa cha kulia. Giza. Akainua cha kushoto. Giza.

"Mnaona kitu?" akauliza Bibi Nunu.

"Mimi naona giza, mama," akasema Bi. Msimu. "Tena la kutosha."

Bibi Nunu akafungua mlango. "Niliomba kipini, nimeletewa chai ya jana. Kamwageni."

Zaituni hakulia. Alishika vichupa viwili akaanza kwenda kwenye mfereji, akihesabu hatua kwa sauti bila kutaka. Alikuwa amefika hatua ya tisa aliposikia, "Binamu, ngoja. Hiyo rangi gani?"

Alikuwa Sudi. Sudi, mtoto wa binti mdogo wa Bibi Nunu, alikuwa na saluni ya kucha karibu na stesheni, na siku ile alikuja kuwapaka kucha wanawake wa nyumba. Alikuwa amekaa kwenye ukumbi wenye giza na taa yake ya kukaushia kucha, ile yenye mwanga wa zambarau.

"Si rangi ya kucha, Sudi."

"Kahawia iliyokolea. Watoto wa mjini wanaitafuta hiyo. Ngoja niijaribu kabla hujaimwaga."

Hakungoja jibu. Alichovya brashi katika kichupa cha kulia, akapaka ukucha wa kidole chake kidogo, akautia ndani ya taa.

Ukucha ukawaka. Uliwaka mwekundu, kama kaa la moto lisilochoma. Sudi akapiga yowe akautoa, ukazimika. Akaurudisha; ukawaka. Akauliza kwa sauti ndogo, "Binamu, nitakufa?"

Zaituni alimnyang'anya taa. Alikimulika kichupa: kikajaa wekundu mpaka shingoni. Watu wote wakarudi stoo na taa, waya ukinyooshwa kutoka ukumbini, na Bibi Nunu akashika kichupa kwa mikono miwili, uso wake wote mwekundu.

"Ndicho?" akauliza.

"Ndicho, Bibi."

"Hakijawahi kuwa kizuri hivi," akasema Bibi Nunu.

Mngefikiri mambo yaliishia hapo. Ndipo yalipoanza.

"Haiwaki dhahabu," akasema Bi. Msimu. "Inawaka taa. Ukitoa taa, kuna nini? Maji! Sudi, simama hapa." Akammulika mpwa wake, na shati jeupe la Sudi likawaka bluu toka kola mpaka pindo. Akamgeuzia taa mama yake, na meno matano ya Bibi Nunu yakawaka pia. "Mmeona? Basi shati lirithi! Meno yarithi!"

"Shati linawaka bluu kwa sababu ya sabuni, shangazi," akasema Zaituni. "Taa inatoa mwanga ambao macho hayauoni vizuri. Kitu kinaumeza, kinarudisha mwanga wake chenyewe. Sabuni inarudisha bluu. Dhahabu hii inarudisha nyekundu. Tumulike na vingine."

Wakamulika. Walimulika maji ya mtungi: giza. Ute mtupu wa yai: weupe hafifu. Pete ya dhahabu ya Bi. Msimu: giza, na mwenyewe akakasirika. Kichupa cha kwapa la kushoto: giza. Kopo la dirishani: giza. Kichupa cha kwapa la kulia: nyekundu.

Zaituni aliduwaa. Vichupa viwili vya mama mmoja, makwapa mawili ya mtu mmoja. Akafungua daftari. "Kimoja kimezidi," akasoma. "Sababu haijulikani." Akainua macho. "Nani aligusa kichupa hiki?"

Bi. Msimu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akasema kwa sauti ya chini: "Nilitia magadi."

"Magadi?"

"Kidogo. Yaliyobaki nikatia kwenye kopo."

Zaituni akapanga vitu sakafuni. Kopo lilikuwa na magadi bila joto: giza. Kichupa cha kushoto kilikuwa na joto bila magadi: giza. Cha kulia kilikuwa na vyote viwili. Hakuwahi kupata jaribio safi kama hilo, na hakulifanya yeye.

"Basi nasikiliza," akasema Bibi Nunu, akaketi juu ya gunia. "Kila mtu na maneno yake. Na karafuu hii inanichoma, fanyeni haraka."

Zaituni akasema: "Bibi, mimi nilijua. Nyumba nzima hakuna aliyejua kwamba dhahabu inaweza kuwaka, ila mimi. Nilikiyeyusha mimi, na kisingewaka, ningefukuzwa mimi. Hakuna mwingine aliyeahidiwa kufukuzwa."

Riziki, mikono ikining'inia, akasema: "Bibi, mimi nilikibeba. Saa kumi na mbili, kwapa huku na kwapa huku. Mwanangu alipiga chafya nikamtazama tu. Ninao watoto wawili sasa, mmoja analia na mmoja anawaka, na wote wawili nimewatoa kwenye joto langu. Na huyu anayelia hana jina."

"Wewe ni mke wa mtu katika nyumba hii," akasema Bi. Msimu. "Kipini hakitoki kwenye damu."

"Kipini kiko kwenye ute wa kuku, shangazi. Kuku naye damu yako?"

Bibi Nunu akacheka, akapiga chafya.

Bi. Msimu akasema: "Mama, bila magadi yangu ni chai. Wenyewe wamekiri, wamepanga mpaka kopo sakafuni. Mimi ni binti yako mkubwa. Nilikitaka kipini kirudi puani kwako, hilo tu."

"Ulitaka kuiharibu kazi yangu," akasema Zaituni.

"Nilitaka kuitengeneza! Imetengenezeka au haikutengenezeka?"

Sudi akasema: "Bibi, kilikuwa njiani kwenda mfereji. Hatua tisa, Zaituni mwenyewe kahesabu. Wote hawa walikuwa wamekwisha kukimwaga. Nani alikiona? Mimi. Tena," akainua kidole chake kidogo, "mimi tayari ninacho kidogo."

"Mwanamume na kipini!" akasema Bi. Msimu. "Kikate kidole hicho!"

"Kucha tu, mama mkubwa, kucha!"

"Si kirudishwe tu kiwe kipini, tuamue kwa utaratibu wa zamani?" akauliza Riziki.

"Inawezekana," akasema Zaituni. "Lakini kikirudi kuwa kipini, hakitawaka tena. Na kikiwaka, hakivaliki."

Bi. Msimu, ambaye hakuweza kubishana bila kutafuna, alitoa kwenye pindo la kanga yake karanga zilizofungwa katika karatasi, akazifungua akamwekea mama yake mapajani. Zaituni aliiona ile karatasi. Ilikuwa imelowa mafuta, na juu yake palikuwa na mistari ya maandishi madogo aliyoyajua. Ilikuwa karatasi ya pili. Akaipokea, akaielekeza kwenye taa, akaisoma.

Hapakuwa na majina wala shukrani. Palikuwa na mistari miwili. Hakuna mwingine katika stoo ile aliyeijua lugha yake. Angeweza kuikunja. Mkono wake ulianza kuikunja. Kisha akaona kwamba asingeweza kulala usiku akiwa na daftari lenye "sababu haijulikani" na sababu iko mfukoni mwake.

"Inasema," akasema, "'Lakini kabla ya kuweka katika joto, tia maji ya magadi makali.' Na mstari wa pili: 'Kichupa kikiwa tayari, kimulike kwa mwanga wa zambarau.'"

"Haya!" Bi. Msimu akaruka. "Kitabu kinanisema mimi!"

"Na mimi!" akasema Sudi. "Mstari mzima!"

"Kitabu kilikuwa changu, shangazi. Ulikifungia karanga. Ningekisoma, ningetia magadi mwenyewe na taa ningeiazima. Wewe ulichukua maneno ukanirudishia magadi."

"Nimekurudishia au sijakurudishia?"

"Hujasema Riziki yuko mstari wa ngapi," akasema Riziki.

Zaituni akaitazama karatasi. "Hayumo," akasema. "Imeandikwa 'joto' tu."

Bibi Nunu alinyanyuka kutoka kwenye gunia. Kichupa kilikuwa kinawaka katika kiganja chake, na mwanga wake ulifika kwenye nyuso nne na kwa mtoto aliyelala juu ya gunia jingine la mahindi, bila jina. "Nimekwisha kuamua," akasema. "Mrithi wangu ni..."

Na umeme, ambao siku ile ulikuwa umejisikia tangu asubuhi, ukakatika.

Taa ikazima, na kichupa kikazima. Stoo ikawa giza lile lile la mwanzo, likinuka karanga na karafuu.

"Msiguse mlango," ilisema sauti ya Bibi Nunu. "Ninacho mkononi. Leteni mikono. Nitaijua."

Zaituni alikuwa na karatasi katika mkono wake wa kulia. Kwa mzee haupelekwi mkono wa kushoto. Akaiachia karatasi ianguke, akanyoosha mkono.

Bibi Nunu akaipapasa mikono iliyoletwa, kwa vidole vilivyotafuta kipini miaka yote gizani. Akagusa mkono wenye madoa makavu ya asidi. Akagusa mkono uliokwaruza kwa unga wa magadi. Akagusa mkono laini wenye ukucha mmoja ulionata. Akatafuta wa nne, hakuupata, kwa sababu ulikuwa unaning'inia ubavuni mwa mwenyewe na haukunyanyuka, badala yake akasikia mtoto akipiga chafya ya pili, na mama yake akimwambia, "Pole, baba, sina mkono."

Vidole vya Bibi Nunu vikatulia. Kichupa kikatua mahali, na hakikusikika kikianguka.

Nyinyi mliokaa hapa mkasikiliza, mtoto bado anangoja jina. Kabla umeme haujarudi, semeni: je, kichupa kilistahili kutua kwa nani?